Norfolk: Hoteli iliyozaliwa pamoja na Nairobi na baraza iliyoshuhudia damu ikimwagika

HOTELI ya Norfolk ilifungua milango yake siku ya Krismasi, Desemba 25, 1904, wakati Nairobi ilipokuwa bado kambi ya reli yenye mahema, vibanda vya mabati na matope mengi. Zaidi ya karne moja baadaye, hoteli hiyo ingali pale pale, kando ya Barabara ya Harry Thuku, ikitazamana na Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo na kupakana na majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ni majengo machache sana jijini ambayo yamepitia mengi kiasi hicho. Norfolk imeona kuja kwa walowezi, enzi ya wawindaji wa ndovu, mauaji ya waandamanaji, kuingia kwa Uhuru, shambulio la bomu na hata janga la korona.

Hata hivyo, hoteli hii ina historia mbili. Ya kwanza ni ile wanayosimuliwa wageni, nayo imejaa majina ya marais, malodi na waandishi wa vitabu. Ya pili imo katika jina la barabara inayopita mlangoni mwake. Anayeijua moja tu kati ya hizo mbili hajaijua Norfolk.

Mji wa reli na matope

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Mahali penyewe palikuwa nyanda zenye kinamasi, ambapo Wamaasai walinywesha mifugo yao. Jina la Nairobi limetokana na maneno yao yenye maana ya maji baridi. Wahandisi wa reli walipachagua kwa sababu palikuwa tambarare, na pa kupumzikia kabla ya kazi ngumu ya kupandisha reli milimani na kuiteremsha Bonde la Ufa.

Hakuna aliyepanga kujenga jiji hapo. Mnamo 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka na wakuu wa serikali wakaamuru soko la Wahindi liteketezwe kwa moto. Licha ya hayo, mji uliendelea kukua, na mwaka wa 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yalihamishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Wakati huo serikali ilikuwa ikiwaalika Wazungu kuja kuchukua mashamba katika nyanda za juu. Reli ilikuwa imegharimu fedha nyingi, na ilitarajiwa kwamba mazao ya walowezi yangeilipia. Walowezi hao walipoteremka garimoshini walihitaji mahali pa kulala wakingojea kugawiwa ardhi.

Norfolk haikuwa hoteli ya kwanza kuwahudumia. Mnamo 1902 mwanamke aitwaye Mayence Bent alikuwa ameanzisha hoteli ya Stanley, iliyoungua mwaka wa 1905 na baadaye kuhamia mahali ilipo sasa. Lakini Norfolk ilijengwa kwa nia ya kuwa kubwa na ya kifahari. Waanzilishi wake walikuwa Meja C. G. R. Ringer na mshirika wake, R. Aylmer Winearls, na jina walilolichagua ni la jimbo moja la mashariki mwa Uingereza.

Waliijenga mbali kidogo na kituo cha reli, upande wa kaskazini wa mji, mahali palipoinuka kuliko kinamasi cha sokoni. Chaguo hilo lilikuwa na maana. Msafiri aliyewasili Nairobi alipita katikati ya mji wenye vumbi au matope, kisha akafika penye jengo la mawe lililoezekwa vigae, wakati majirani wengi walikuwa wangali wakiishi chini ya mabati.

Uingereza iliyopandwa ikweta

Anayelitazama jengo la mbele la Norfolk leo huona kwanza mbao za rangi iliyokoza zilizopangwa juu ya kuta za rangi nyeupe, kisha paa la vigae lenye mteremko mkali, na kuta za pembetatu zinazochomoza chini ya paa hilo. Mtindo huo huitwa Tudor, kwa jina la ukoo uliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603.

Katika nyumba halisi za enzi hiyo, mbao hizo ndizo zilizokuwa mifupa ya nyumba. Fundi alisimamisha fremu ya miti mizito, kisha akaziba nafasi zilizobaki kwa fito na udongo na kupaka chokaa juu. Mwafrika aliyejenga nyumba ya miti na udongo angeitambua kazi hiyo mara moja. Paa nalo liliinuliwa sana ili mvua na theluji visikae juu yake.

Waingereza waliufufua mtindo huo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini katika nyumba nyingi za wakati huo, mbao zilikuwa pambo tu, kwani uzito wa paa ulibebwa na ukuta wa mawe au matofali uliokuwa nyuma yake. Nairobi haina theluji. Mtindo wa Tudor ulipendwa hapa kwa ajili ya kumbukumbu zaidi ya hali ya hewa: ulimwezesha mlowezi kuketi karibu na ikweta na kujiona yuko kwao.

Sehemu moja ya jengo, hata hivyo, haikutoka Uingereza. Hiyo ni baraza ndefu inayoelekea barabarani, ambayo wageni huketi wakinywa chai na kutazama wapitao. Waingereza walijifunza kujenga veranda za aina hiyo walipokuwa wakitawala India, na neno lenyewe la veranda walilichukua huko. Katika nchi yenye jua kali, baraza huzuia miale isifike ukutani na huruhusu hewa kupita.

Wasomaji wa pwani wana baraza yao. Huko Lamu na Mombasa, baraza ni kikalio cha mawe nje ya nyumba, ambapo mwenye nyumba huketi na kuzungumza na jirani, mgeni na mpita njia. Baraza ya Norfolk ilifanana na hiyo kwa kuwa iliangalia njia, lakini kazi yake ilikuwa tofauti. Kwa miaka mingi ilimtenga aliyeketi na aliyekuwa akipita, kwa rangi ya ngozi.

Nyuma ya jengo la mbele kuna ua mpana wenye bustani, nayo imezungukwa na majengo ya vyumba. Hapo huhifadhiwa vyombo vya usafiri vya zamani, ukiwemo mkokoteni wa aina iliyokuwa ikivutwa na ng'ombe dume, kumbusho la enzi ambapo safari ya kwenda shambani ilichukua siku kadhaa. Mpangilio huo wa vyumba kuzunguka ua huifanya hoteli iwe tulivu, ingawa iko hatua chache tu kutoka barabara zenye msongamano.

Majengo haya hayajengwa yote kwa wakati mmoja. Hoteli imepanuliwa, kukarabatiwa na kujengwa upya mara kadhaa. Kwa hiyo anayeizuru haoni hoteli ya 1904 ikiwa kama ilivyokuwa. Anachokiona ni kazi ya vizazi kadhaa vya mafundi waliojitahidi kuhifadhi sura moja.

Jumba la Malodi

Katika miaka yake ya mwanzo, Norfolk ilipewa jina la utani la Jumba la Malodi, kwa kulinganishwa na bunge la juu la Uingereza, kwa sababu ya wingi wa makabaila waliokutana hapo. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao alikuwa Lord Delamere, kiongozi wa walowezi aliyemiliki maelfu ya ekari katika Bonde la Ufa. Sehemu ya baraza imewahi kuitwa kwa jina lake.

Hoteli hiyo pia ilikuwa mahali pa kuanzia misafara ya uwindaji. Matajiri kutoka Ulaya na Marekani walikuja kuwinda simba, ndovu na vifaru, na mbele ya Norfolk walikutana na wawindaji wa kulipwa, wapishi na wapagazi. Ni katika enzi hiyo ambapo neno la Kiswahili safari lilienea katika lugha za Ulaya. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wa aina yoyote, lakini kwa wageni hao lilimaanisha kwenda porini kutafuta wanyama.

Msafara uliovuma kuliko yote ulikuwa wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Roosevelt aliwasili Mombasa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit, akikusanya mizoga na ngozi za wanyama kwa ajili ya makavazi ya Smithsonian mjini Washington. Baba na mwana waliua wanyama 512. Jina la Roosevelt hutajwa hadi leo katika orodha ya wageni mashuhuri wa Norfolk.

Mizigo ya safari kama hizo ilibebwa vichwani na mamia ya wapagazi wa Kiafrika, na majina yao hayamo katika orodha yoyote ya wageni. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo mwaka wa 1977, na tangu hapo mtalii huondoka Nairobi akiwa na kamera badala ya bunduki.

Machi 16, 1922

Ni hapa ambapo historia ya pili ya Norfolk inaanza. Mwaka wa 1921, walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja. Tayari Waafrika walikuwa wakilipa kodi ya nyumba na kulazimishwa kubeba kipande, na wanawake na wasichana walikuwa wakipelekwa kufanya kazi za kulazimishwa.

Harry Thuku, kijana kutoka Kiambu aliyekuwa karani wa simu katika idara ya hazina ya serikali, alianza kuandaa mikutano ya kupinga hatua hizo. Chama chake, East African Association, kilivuka mipaka ya kabila, na alishirikiana na Wahindi waliokuwa pia wakibaguliwa. Serikali ilimkamata Machi 14, 1922.

Siku mbili baadaye, umati wa maelfu ya watu ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na Norfolk, ukidai aachiliwe. Viongozi waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi na kuwasihi watu watawanyike. Wengi walikuwa tayari kuondoka, lakini mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume. Alipandisha rinda lake juu na kuwaambia wamvulie suruali zao, kwani walikuwa waoga. Kwa desturi za Agikuyu, tendo hilo la mwanamke mzima ni tusi zito lisilovumilika. Umati ulisonga mbele, nao polisi wakafyatua risasi.

Polisi hawakuwa peke yao. Simulizi za walioshuhudia na vitabu vya historia vinaeleza kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walielekeza bunduki zao kwa umati na kuwapiga watu risasi, wengine wakiwa tayari wanakimbia.

Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba watu 21 walikufa. Waafrika waliokuwepo walipinga hesabu hiyo, wakisema waliouawa walizidi 50, na wengine wakataja zaidi ya 100. Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Thuku alipelekwa uhamishoni bila kufunguliwa mashtaka, kwanza Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Kenya, na akakaa mbali na kwao kwa takriban miaka minane.

Mauaji hayo yalikuwa mojawapo ya makabiliano makubwa ya kwanza ya kisiasa mjini Nairobi. Yaliwafunza Waafrika wengi kwamba kulalamika kwa amani kungeweza kujibiwa kwa risasi, na mbegu hiyo ilikuja kuota katika vyama vilivyofuata.

Kutoka magodoro hadi umiliki

Mmiliki aliyeiendesha Norfolk kwa muda mrefu hakuwa lodi. Abraham Block alikuwa Myahudi aliyezaliwa Lithuania, eneo lililotawaliwa wakati huo na Urusi, na aliwasili Kenya mwaka wa 1903 akiwa hana mali ya kutajika. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutengeneza magodoro ya nyasi kwa ajili ya hoteli hiyo hiyo.

Mwaka wa 1927 Block aliinunua Norfolk, na mwaka wa 1947 akanunua pia New Stanley. Hivyo mtu aliyewahi kushona magodoro ya wageni alimiliki hoteli mbili zilizovuma kuliko zote mjini. Wanawe walipanua biashara hiyo hadi mbugani na pwani, na kampuni ya familia ikawa nguzo ya utalii wa Kenya.

Lakini katika miaka ya ukoloni, mafanikio hayo yalikuwa ndani ya mfumo wa ubaguzi. Hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia, ufagio au sanduku la mgeni. Mhindi naye, hata akiwa tajiri, hakuwa na nafasi mezani. Mwelekeo huo ulianza kulegea katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na Uhuru wa 1963 ukaumaliza rasmi.

Ng'ambo ya barabara, Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule serikali ilipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Oktoba 1976 ukumbi huo uliandaa mchezo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo. Watazamaji waliungana na waigizaji katika nyimbo na ngoma, wakatoka nao hadi nje ya jumba, hatua chache tu kutoka kwenye baraza ya walowezi wa 1922.

Bomu la mkesha wa mwaka mpya

Jioni ya Desemba 31, 1980, wageni walipokuwa katika chakula cha kuukaribisha mwaka mpya, bomu lililipuka na kubomoa sehemu ya hoteli, ikiwemo ile iliyokuwa juu ya ukumbi wa kulia. Watu wapatao 20 waliuawa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Mshukiwa alikuwa amepanga chumba hotelini kisha akaondoka nchini kabla ya mlipuko.

Wengi walilihusisha shambulio hilo na matukio ya Julai 1976, wakati ndege za Israeli zilizowaokoa mateka Entebbe, Uganda, ziliporuhusiwa kutua Nairobi kuongeza mafuta. Hoteli inayomilikiwa na familia ya Kiyahudi ilionekana kuwa shabaha ya kisasi.

Kwa Wakenya wengi, historia ya ugaidi nchini huanzia Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa. Lakini Norfolk ilikuwa imeonja uchungu huo zaidi ya miaka 17 kabla. Sehemu iliyobomoka ilijengwa upya kwa mtindo wa awali, kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa hawezi kutambua mahali kidonda kilipokuwa.

Wamiliki wapya, majaribu mapya

Baadaye hoteli iliingia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya Uingereza iliyovuma barani Afrika chini ya Tiny Rowland. Mwaka wa 2005 usimamizi ulichukuliwa na Fairmont, kampuni yenye asili ya Canada, na jina lake likaongezwa kwenye lile la Norfolk. Tangu 2016 Fairmont yenyewe imekuwa sehemu ya kundi la Accor la Ufaransa.

Mei 2020, baada ya korona kufunga mipaka na kukomesha safari za ndege, wasimamizi waliwaandikia wafanyakazi wote barua za kuwaachisha kazi na kufunga hoteli bila kutaja siku ya kufungua. Habari hiyo iliwashtua wengi, kwani Norfolk ilikuwa imevuka vita viwili vya dunia na bomu. Hatimaye ilifunguliwa tena, lakini tukio hilo lilionyesha kwamba uzee wa jengo si kinga. Hoteli kongwe hudumu kwa sababu ya wanaolala ndani yake na wanaoifagia, kuipikia na kuilinda.

Kuhifadhi kuta na kumbukumbu

Nairobi imepoteza majengo mengi ya kale kwa tingatinga, kwa sababu ardhi ya katikati mwa jiji ina thamani kubwa kuliko jengo la ghorofa moja au mbili. Kuwepo kwa Norfolk ni bahati kwa wanafunzi wa historia na wa usanifu wa majengo, ambao wanaweza kuusoma mtindo wa enzi nzima kwa kusimama tu barabarani.

Wapo wanaouliza kwa nini Wakenya watunze jumba lililojengwa kwa ajili ya waliowanyang'anya ardhi. Jibu ni kwamba jengo likibomolewa, ushahidi nao huondoka. Ni rahisi kumweleza mtoto habari za Machi 16, 1922, ukiwa na baraza ya kumwonyesha, kuliko ukiwa na kiwanja cha kuegesha magari.

Lakini kutunza mbao na vigae peke yake hakutoshi. Orodha ya wageni inayoanza na Roosevelt na kumsahau Muthoni Nyanjiru ni nusu ya historia, kwani naye alifika Norfolk, ingawa hakuitwa ndani.

Serikali huru iliipa barabara jina la Harry Thuku. Kwa hiyo kila barua inayotumwa hotelini, na kila teksi inayoelekezwa huko, hulazimika kulitaja jina la mtu ambaye wafuasi wake walipigwa risasi mbele ya baraza hiyo. Walowezi waliokuwa wameketi hapo siku ile hawangeweza kuwazia kwamba anwani ya Jumba la Malodi ingekuja kuwa jina la mfungwa wao.